Saint-Saëns, Debussy, Ravel au Satie: uanze na yupi?

Watu wengi wanaoupenda muziki wa piano wa Kifaransa wanakwama mlangoni. Majina ni mengi, yote yanasifiwa, ukiingia mtandaoni unakuta video za saa tatu za "muziki wa kutuliza akili" ambamo Debussy kachanganywa na Satie na wengine ambao hata Ufaransa hawajawahi kuishi, unasikiliza mpaka usingizi unakupitia, ukiamka hujui ulisikiliza nini. Mimi msimamo wangu ni kwamba bora umchukue mtunzi mmoja, umfuate maisha yake na kazi zake kwa miezi kadhaa, ukishamzoea ndo uhamie kwa mwingine. Sasa yupi?

Nawalinganisha wanne: Camille Saint-Saëns, Claude Debussy, Maurice Ravel na Erik Satie. Nimewachagua hawa kwasababu wote walikuwa watunzi na wote walikaa kwenye piano, waliishi Paris au jirani yake, na maisha yao yaligongana sana. Saint-Saëns alimfundisha Gabriel Fauré, Fauré akaja kumfundisha Ravel. Debussy na Satie walikuwa marafiki wa kula pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Na mwaka 1915 Saint-Saëns, akiwa mzee wa miaka 80, aliiona kazi ya Debussy ya piano mbili iitwayo En blanc et noir akamwandikia Fauré kwamba mtu wa namna hiyo mlango wa Institut de France, lile baraza la wasomi na wasanii wakubwa wa Ufaransa, afungiwe kwa gharama yoyote. Kwahiyo ukimchagua mmoja, wale wengine utakutana nao tu njiani.

Vigezo vyangu

Natumia vitano: maisha yake yalivyokwenda, yeye mwenyewe alikuwa mpiga piano wa aina gani, hela yake ilitoka wapi, uanze kusikiliza nini, na ukitaka kupiga mwenyewe itakuwaje. Kigezo cha pili ndo nakipa uzito zaidi ya vyote, maana watu hukisahau. Mtunzi aliyekuwa bingwa wa jukwaani anaandika tofauti kabisa na yule ambaye vidole vyake havikuweza kupiga alichokiandika mwenyewe, na hiyo tofauti utaisikia hata kama husomi noti.

Maisha

Saint-Saëns alizaliwa Paris tarehe 9 Oktoba 1835, baba yake akafariki miezi michache tu baadaye, akalelewa na mama yake na bibi mmoja wa ukoo aliyemweka kwenye piano kabla hajafika miaka mitatu. Ni maisha marefu, miaka 86, na yana msiba mmoja mzito sana: mwaka 1878 mtoto wake wa miaka miwili na nusu alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne akafa, na wiki sita baadaye mdogo wake akafa kwa nimonia. Ndoa haikupona. Mwaka 1881 wakiwa mapumzikoni aliondoka hotelini, hakurudi kwa mkewe tena. Mama yake alipofariki mwaka 1888 akawa mtu wa safari, Algeria, Misri, visiwa vya Canary, hata Amerika Kusini, na alifia Algiers tarehe 16 Desemba 1921.

Debussy ni mtoto wa familia ya kawaida, baba alikuwa na duka la vyombo vya udongo huko Saint-Germain-en-Laye, mama mshonaji. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1862, akaingia Konsevatori ya Paris, shule kuu ya muziki, akiwa na miaka 10. Mwaka 1884 akapata tuzo ya Prix de Rome iliyompeleka kuishi Roma kwenye Villa Medici, na hakupapenda. Kitu kilichomgusa kweli kilikuja mwaka 1889 kwenye Maonyesho Makubwa ya Paris, aliposikia gamelan ya Java, zile gongo na vyuma vinavyopigwa kwa tabaka juu ya tabaka. Kwenye mapenzi aliumiza watu: mwaka 1904 alimwacha mke wake Lilly akaenda kwa Emma Bardac, Lilly akajipiga risasi kifuani, akapona, na marafiki wengi wakamtenga Debussy. Na Emma alipata mtoto mmoja wa kike, Chouchou, mwaka 1905. Debussy alifariki kwa kansa tarehe 25 Machi 1918, Wajerumani wakiwa wanaupiga mji kwa mizinga, na Chouchou naye akafuata mwaka uliofuata kwa dondakoo. Mimi hiyo sehemu ya mtoto huwa inaniuma kila nikiifikia.

Ravel alizaliwa Ciboure, upande wa Wabaski, tarehe 7 Machi 1875, mama Mbaski, baba injinia. Hakuoa, hakuwa na mtoto, na mama yake ndo alikuwa kila kitu kwake. Alijaribu Prix de Rome mara tano akakosa, na ile ya mwaka 1905 ikawa kashfa nchi nzima maana alikuwa ameshajulikana, mkurugenzi wa Konsevatori akaachia ngazi na Fauré akachukua nafasi. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza alilazimisha kwenda licha ya umbo dogo na miaka 40, akaishia kuendesha lori karibu na Verdun. Mwisho wake ndo mgumu: kuanzia miaka ya 1930 ubongo ulianza kumsaliti, muziki ulikuwepo kichwani lakini hakuweza kuuandika, hata kuandika barua ikawa kazi. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo Desemba 1937, akafariki tarehe 28 mwezi huohuo.

Satie alizaliwa Honfleur, Normandy, tarehe 17 Mei 1866. Konsevatori mwalimu wake alimwandika kuwa ndo mwanafunzi mvivu kuliko wote. Mwaka 1898 alihamia Arcueil, kitongoji cha wafanyakazi kusini mwa Paris, chumba kimoja, na kwa miaka 27 hakuna rafiki yeyote aliyeingia humo ndani. Alikuwa anatembea kwa miguu kwenda Paris na kurudi usiku wa manane. Akiwa na karibu miaka 40 alirudi shule, Schola Cantorum, kujifunza kanuni alizokosa ujana wake, akamaliza na cheti mwaka 1908. Alifariki tarehe 1 Julai 1925, ini limeharibika kwa pombe, na marafiki walipofungua kile chumba walikuta miavuli mingi, suti za mahameli, na piano mbili mbovu zimepandishwa moja juu ya nyingine.

Mikono yao kwenye piano

Saint-Saëns alikuwa bingwa, hilo halina mjadala. Mwaka 1846, akiwa na miaka 10, alipanda jukwaa la Salle Pleyel akapiga konseto (kazi za piano na okestra) za Mozart na Beethoven kwa kichwa. Miaka 50 baadaye, mwaka 1896, alirudi kusherehekea akiwa na konseto yake ya tano aliyoiandika Luxor, Misri, akaipiga mwenyewe. Ukisikiliza muziki wake unasikia mtu ambaye vidole havimpi shida yoyote: mistari inakimbia, safi, haina doa. Udhaifu wake nao upo hapohapo, kuna kurasa ambazo ulaini wa vidole unazidi jambo lenyewe linalosemwa.

Debussy alitaka kuwa bingwa wa jukwaani ikashindikana. Alipata tuzo ya pili ya piano Konsevatori mwaka 1877, miaka miwili iliyofuata hakupata kitu, na bila tuzo ya kwanza njia ya upiga piano ilikuwa imefungwa. Lakini waliomsikia akipiga nyumbani walikuwa wanashangaa ulaini wake, walisema ulisahau kabisa kwamba ndani ya piano kuna nyundo. Hiki ndo kiini cha muziki wake wote wa piano, pedali, sauti zinazoachwa zielee zikutane na zile zinazofuata. Kama unapiga Debussy na kila noti inasikika kama mlango unagongwa, bado hujafika.

Ravel hapa ndo ananivutia kuliko wote. Alikuwa mpigaji wa wastani, mikono midogo, hakupenda kufanya mazoezi, lakini ndiye aliyeandika baadhi ya kazi ngumu kuliko zote duniani. Gaspard de la nuit ya mwaka 1908 ina sehemu ya mwisho iitwayo Scarbo, aliyodhamiria iwe ngumu kuishinda Islamey ya Balakirev ambayo wapiga piano waliiogopa enzi hizo, na aliyeipiga kwa mara ya kwanza ni rafiki yake Ricardo Viñes. Hata Konseto ya G alitaka aizindue mwenyewe, akajifungia na mazoezi ya Liszt na Chopin, mwishowe akamkabidhi Marguerite Long mwaka 1932 yeye akashika kijiti cha kuongoza okestra. Alikuwa anaandika kama mtengeneza saa, anajua kila gurudumu linaingia wapi ingawa kulizungusha atazungusha mwingine.

Satie alikuwa mpiga piano wa baa. Chat Noir pale Montmartre, moshi, walevi, waimbaji wa vichekesho. Mtu anayepiga mahali kama pale hajazi noti ovyo, anaacha nafasi, na Satie aliacha nafasi kuliko mtu yeyote wa wakati wake.

Jambo moja la kuongezea: watatu kati ya hawa unaweza kuwasikia wakipiga wenyewe. Saint-Saëns alirekodiwa mwaka 1904 na tena 1919, Debussy aliingia studio mwaka 1904 akimpigia mwimbaji Mary Garden, alafu yeye na Ravel waliacha karatasi zile za matundu zinazochezeshwa kwenye piano ya mashine. Satie hakuacha chochote.

Hela

Hapa napita haraka. Saint-Saëns alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la La Madeleine kuanzia 1858 hadi 1877, akaacha baada ya kurithishwa faranga 100,000 na mtu aliyempenda kazi zake, Albert Libon. Kwahiyo wewe unayepiga kinanda parokiani kila Jumapili, huyu ni mwenzako kabisa. Debussy aliishi kwa madeni, mchapishaji Hartmann alimpa faranga 500 kwa mwezi mpaka alipofariki, baadaye mchapishaji mwingine, Durand, akachukua mzigo, na bado hazikutosha maana alipenda vitu vizuri. Ravel alikaa vizuri, hasa baada ya Boléro ya mwaka 1928 ambayo ilimwingizia pesa kuliko kitu kingine chochote. Satie alikuwa fukara mpaka mwisho.

Uanze kusikiliza nini

Kwa Saint-Saëns watu wote wanakutuma kwenye Carnaval des animaux ya mwaka 1886, na ni sawa, ila ujue yeye mwenyewe alikataza isichapishwe akiwa hai isipokuwa kipande cha Le cygne, cello juu ya piano mbili, dakika tatu hivi. Mimi nakutuma kwenye konseto ya pili ya mwaka 1868, inayofunguka kwa piano peke yake kama mtu yuko kanisani anajipigia kabla ibada haijaanza, alafu uende kwenye ile ya tano. Sehemu ya kati ya hiyo ya tano ina wimbo wa mapenzi wa Wanubi aliousikia kwa waendesha mashua wa mto Nile. Kwa msikilizaji wa Afrika inafaa kuisikia kwa masikio mawili, moja la kufurahia na lingine la kujiuliza Mfaransa wa mwaka 1896 alisikia nini hasa pale mtoni.

Kwa Debussy, Clair de lune ndo unaijua tayari hata kama hujui unaijua. Usiishie hapo. Chukua kitabu cha kwanza cha Préludes cha mwaka 1910, vipande 12, usikilize La cathédrale engloutie, lile kanisa lililozama baharini linaloibuka na kengele zake. Ukishaizoea nenda La mer ya okestra, mwaka 1905.

Kwa Ravel watu wanaanzia Boléro, dakika 15 hivi, ngoma ndogo inarudia mdundo uleule mwanzo mpaka mwisho huku vyombo vinapokezana wimbo mmoja unaozidi kunenepa. Inashika haraka ila sio Ravel wote. Sikiliza sehemu ya pili ya Konseto ya G: piano peke yake kwa dakika kadhaa, mkono wa kushoto unahesabu taratibu, wa kulia unaimba mstari mmoja mrefu ambao unangoja uishe na hauishi. Alafu kuna Konseto ya mkono wa kushoto, aliyomwandikia Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia vitani. Funga macho usikilize, utaapa ni mikono miwili. Na Le Tombeau de Couperin, kila sehemu kaitoa kwa marafiki waliokufa kwenye vita ileile.

Kwa Satie ni Gymnopédies tatu za mwaka 1888, kisha Gnossiennes. Dakika 20 umeshamaliza zote mbili, ndo uzuri wake na ndo kikomo chake. Ila ukitaka kujua alivyokuwa na ujasiri tafuta Parade ya mwaka 1917, baleti aliyofanya na mshairi Cocteau na mchoraji Picasso, ina taipureta na risasi za bastola ndani ya okestra.

Ukitaka kupiga mwenyewe

Noti za wote wanne zinapatikana kwa urahisi mtandaoni, wamefariki zamani, kwahiyo hilo sio kikwazo. Kikwazo ni chombo. Kibodi ndogo isiyo na pedali itakuangusha kwa Debussy na pia kwa Satie, tafuta pedali kwanza hata ya bei ya chini.

Chukulia Gymnopédie ya kwanza. Mapigo ni matatu. Pigo la kwanza kushoto kunabonyezwa noti moja ya chini, G, pigo la pili mkono uleule unaruka juu kushika B, D na F shapu kwa pamoja, unakaa. Kipimo kinachofuata noti ya chini inakuwa D, na juu yake A, C shapu na F shapu. Basi, hayo mawili yanapokezana, na wimbo wa mkono wa kulia unaingia kwenye kipimo cha tano. Mtu aliyezoea kupigia kwaya anaweza kuishika ndani ya wiki mbili. Kazi inabaki kwenye ule mruko wa kushoto, uushikie pedali ili noti ya chini isife, na uzito wa kidole uwe uleule kila mara, hapo ndo utajua kwamba muziki mwepesi kusoma unaweza kuwa mgumu kupiga vizuri.

Debussy ana ngazi nzuri ya kupanda. The Little Shepherd kutoka Children's Corner, alichomwandikia Chouchou mwaka 1908, kinawezekana mapema, kisha La fille aux cheveux de lin, kisha Arabesque ya kwanza. Clair de lune watu wanaikimbilia kabla ya wakati, ina flati tano na katikati mkono wa kushoto unatambaa kinanda kizima.

Ravel kwa anayeanza ana milango midogo tu: Prélude ya mwaka 1913, fupi sana, na Ma mère l'Oye ya watu wawili kwenye piano moja, aliyowaandikia watoto wa familia ya Godebski. Kama una ndugu au mwanafunzi mwenzako hiyo ni zawadi. Zaidi ya hapo ni ukuta, hata Pavane inataka mkono mpana.

Saint-Saëns ndo mgumu kwa anayeanza. Anafaa kama unapiga pamoja na mtu wa cello au fidla, maana kusindikiza Le cygne ni shule tosha, na waliobobea wana etudi (vipande vya mazoezi) sita za mkono wa kushoto pekee za mwaka 1912.

Sasa wewe uko wapi?

Kama hujawahi kukaa na muziki huu hata siku moja na unachotaka ni kuona kama utaupenda, anza na Satie, hupotezi muda, na akikukolea Debussy anakusubiri, maana ndiye aliyezipangia okestra Gymnopédies mbili za rafiki yake huyo ili watu wazisikie.

Kama umetoka kwenye kwaya na kinanda cha kanisa, na unapenda wimbo uwe na mwanzo na mwisho unaoeleweka, nenda kwa Saint-Saëns, konseto ya pili na Simfoni ya tatu yenye kinanda kikubwa cha kanisa, mwaka 1886. Utakuwa nyumbani. Pia ndiye anayefaa kwa mtu anayependa kusoma maisha marefu yaliyopita kwenye nchi nyingi.

Kama unajifunza piano na una mwalimu, chukua Debussy, ndiye pekee kati ya wanne mwenye kazi za kila ngazi kutoka mwaka wa pili wa masomo mpaka Études 12 za mwaka 1915 zinazotoa jasho hata kwa mabingwa. Ila kama maisha ya mtu yanakusumbua katika kupenda kazi yake, mambo ya Lilly yatakukera, bora ujue mapema.

Ravel mpe nafasi ya kwanza kama wewe ni msikilizaji zaidi ya mpigaji, unapenda kitu kilichopimwa kwa milimita, au unatunga na kupanga muziki mwenyewe, maana hakuna darasa la kupanga vyombo linalozidi kukaa na kazi zake ukiwa na noti mkononi.

Waliobaki kati ya Debussy na Ravel, na ndo wengi, wafanye hivi: wote wawili waliandika kipande cha piano kuhusu maji. Jeux d'eau ya Ravel ni ya mwaka 1901, Reflets dans l'eau ya Debussy ni ya 1905, kila moja kama dakika tano. Sikiliza mfululizo, bila kufanya kazi nyingine. Kwa Ravel utasikia kila tone linavyoruka kwenye chemchemi, kwa Debussy utaona uso wa maji na kilichomo chini yake kikitikisika. Ile utakayotaka kuirudia papo hapo, mtunzi wake ndo wako kwa mwaka huu.